Sauti Yangu Si Mali ya Kanisa

Jumatatu, 24 Machi 1997

Daktari ameniambia ninyamaze mpaka Juni. Si kuacha kuimba tu. Ninyamaze. Nisiongee, nisinong'one (kunong'ona eti ndiko kubaya zaidi), nisiite ng'ombe, nisicheke kwa sauti, na nikiomba niombe moyoni. Aliniingiza kioo kidogo kooni nikataka kutapika. Akatazama, akamwita mwenzake naye atazame, halafu akamwambia Mama, si mimi: "Mikanda ya sauti ya huyu msichana imeota vinundu pande zote mbili. Akiendelea kuitumia hivi, atakwaruza maisha yake yote."

Mama akasema, "Asante, daktari," kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea.

Nimenunua madaftari mawili mjini Kericho. La kwanza nitalikata vipande vya kuandikia watu. Hili ni langu, na ninaanza kwa kusema kwamba nimekasirika.

Nimemkasirikia kwanza mwalimu wa Efrata. Nilienda Efrata wiki iliyopita kwa kujaribu tu. Chuo ninachotaka ni Pisga. Kila mtu anayeimba huku kwetu anataka Pisga: chuo cha Kikristo chenye kwaya ya kaseti, chenye basi lililoandikwa jina ubavuni, chenye wanafunzi waliopanda ndege kwenda kuimba ng'ambo. Pisga watakuja kanisani kwetu Juni kunisikia. Efrata nacho ni majengo ya mabati nyuma ya soko, upande wa Kisii, na piano moja. Lakini walikuwa wanasikiliza watu mapema, nikasema acha niende nikazoee kuimba mbele ya wageni.

Niliwaimbia wimbo wa Ruthu, ule ambao Mwalimu Lazarus, anayefundisha kwaya yetu, alinitungia. Sikufika ubeti wa pili. Mwalimu wao, mwanamke mfupi anayeitwa Nyanchoka, aliinua mkono.

"Nani alikufundisha kupiga kelele hivi?"

Kelele! Mimi, Fancy Chepyegon, ninayeongoza soprano za kanisa letu tangu darasa la saba! Nilitamani kumtupia fomu zake usoni. Akaniuliza kama nikiamka asubuhi sauti hutoka. Nikamwambia hutoka nikishakunywa chai ya moto. Akafunga piano.

"Nenda hospitali kabla hujaenda chuo chochote. Hata hiki chetu."

Sasa daktari amesema kama yeye. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumatano, 26 Machi

Baba alinisalimu, nikainamisha kichwa. Akasema katika nyumba hii hatujawahi kuwa na bubu.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Nilifikiri nimemweleza Mwalimu Lazarus. Jana nilimpelekea kipande cha karatasi: *Daktari amenikataza kuimba mpaka Juni. Samahani, Mwalimu.* Alikisoma, akakiweka mfukoni, akanipigapiga begani. Nikadhani ameelewa.

Leo kanisa limejaa mpaka watu wamesimama nje na miavuli. Kwaya ikapanda. Nami nimeketi na Mama kwenye benchi la wanawake. Mwalimu akageuka akanitazama, akaninyooshea mkono. "Fancy, njoo. Ni Pasaka."

Nikatikisa kichwa.

"Yesu amefufuka na wewe unaketi?"

Watu wakacheka. Nikatikisa kichwa tena, uso unawaka. Ndipo akaliambia kanisa zima, "Dada yetu Fancy anasumbuliwa na koo. Tumwombee." Basi wakaja. Mikono kichwani, mikono mabegani, mama mmoja akanishika koo lenyewe akilikemea. Wote wanapaza sauti, na mimi katikati yao siwezi hata kusema mnaniumiza. Walipomaliza walinitazama wakingoja nifungue mdomo. Sikufungua. Niliona nyuso zao zikibadilika. Walinitazama kama mtu aliyekataa kupona.

Solo akapewa Molly, binti wa Mwalimu. Ana miaka kumi na saba. Aliimba wimbo wangu akiwa amefumba macho, na baba yake akatabasamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimechuma majani chai tangu asubuhi.

Jumatano, 9 Aprili

Mwalimu Lazarus amekuja nyumbani. Ni karani katika kiwanda cha chai, alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, na kwaya yetu ni yeye aliyeianzisha, Wakipsigis na Waluo pamoja, hata ule mwaka wa mapigano, ambapo makabila hayakuwa yanaketi pamoja. Siwezi kusahau hilo. Lakini leo nilitamani angebaki kwake.

Alipewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akanywa kwa adabu, akaanza kuongea na Baba juu ya kichwa changu.

"Mzee Kimeli, daktari anajua dawa. Kuimba hajui. Mimi nimeona koo nyingi. Koo inataka asali, tangawizi, na mazoezi. Ukiiacha, inalala."

"Hata mimi nilisema hivyo," Baba akasema. "Trekta ikikaa bila kazi inaota kutu."

"Mchungaji Bethwel wa Pisga amesikia kaseti yetu. Atakuja tarehe nane Juni. Watamsomesha huyu mtoto bila mzazi kutoa kitu. Lakini akisikia ameacha kuimba..." Akanigeukia, sauti ikalainika, akaniita mwanangu kwa Kijaluo. "Nyathina, mimi ninakutakia mema. Akisikia umeacha, atachukua mwingine."

Nikaandika: *Mwingine nani?*

Alisoma, akatazama nje kwenye mvua. Kwani nilihitaji jibu?

Walipotoka Mama alikusanya vikombe bila kusema neno. Yeye hasemi neno siku zote. Nilikuwa nikifikiri ni upole. Leo nimefikiri ni uoga.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Baba anapika tangawizi. Namwaga nyuma ya zizi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimegundua kwamba mtu asiyeongea watu humchukua kama asiyesikia pia.

Kwenye kituo cha kupimia majani tulikuwa tunangoja lori, vikapu mbele yetu, plastiki za mvua mabegani. Nyuma yangu wanawake wawili wanaongea bila hata kushusha sauti. Kwamba msichana wa Kimeli anaringa, ameona Pisga inakuja hataki tena kuimbia watu wa kwao. Yule wa pili akasema hapana, siyo kuringa. "Msichana ameenda hospitali na mama yake. Amerudi haongei. Hataki kusimama mbele ya watu. Wewe huoni? Ngoja Agosti, tutaona tumbo."

Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Nikageuka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo! Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, na ningeyatoa yote, na vinundu vipasuke kama vinataka.

Mama alinishika mkono. Akaweka kikapu chake chini, akawaendea.

"Mtoto wangu ameambiwa na daktari afunge mdomo," akasema. "Nyinyi hamjaambiwa na daktari, lakini ningeshukuru mkijaribu."

Karani wa kupima akajifanya kurekebisha mizani. Mama akarudi, akabeba kikapu chake, akasimama kwenye nafasi yake kama hakuna lililotokea.

Ninafuta nilichoandika juu ya uoga.

Jumapili, 27 Aprili

Jana alasiri ilinyesha mvua ya mawe. Ilianza kama mtu anarusha changarawe kwenye bati, kisha hatukusikiana tena. Ilipoisha, mteremko wote ulikuwa mweupe mpaka mtoni, na majani chai yetu yamechanikachanika kama yaliyotafunwa. Hakuna kuchuma kwa muda mrefu.

Leo Baba hakwenda kanisani. Aliketi barazani na gambuti zake miguuni, nikamletea chai, akaanza kuongea. Nafikiri aliongea kwa sababu alijua sitajibu.

"Unajua kwenye mikutano ya wakulima wananiitaje? Si Kimeli. Wananiita baba ya ile sauti. Mtu wa Chepseon, simjui, alinishika mkono sokoni akanionyesha kaseti. Mimi sijasoma. Shamba langu ni dogo, ng'ombe wangu ni wa kawaida. Kitu moja tu Mungu alinipa, watu wanisalimie." Akatazama mawe yanayoyeyuka. "Sasa umeifunga."

Nilitaka kumhurumia na nilimhurumia kidogo. Halafu nilipokuwa nikiosha kikombe hasira ikarudi mara mbili. Hakuniuliza hata mara moja kama inauma. Sauti yangu ni kofia ya Baba. Ni kaseti ya Mwalimu. Ni zawadi ya kanisa kwa Pisga. Kila mtu ana hisa yake ndani ya koo langu isipokuwa mimi.

Jumapili, 4 Mei

Leo nimesikia.

Mvua ilipiga bati la kanisa wakati wa wimbo wa Ruthu. Mwalimu alifanya kama anavyofanya siku zote: akapandisha mikono juu zaidi, macho yametoka, midomo yake inasema *toa! toa!* Hivyo ndivyo alivyotufundisha. Mvua ikipiga, ishinde mvua. Watu wa nyuma wasiposikia, kosa ni lako. Kila mwaka anaupandisha wimbo kidogo juu ili kwaya za kanisa jirani zisitufikie.

Molly akaifikia ile noti ya mwisho, ndefu. Watu walisikia noti. Mimi nilisikia kilicho chini yake: upepo, kama mlango usiofunga vizuri. Kisha mkwaruzo mdogo, halafu noti ikarudi na watu wakapiga makofi. Naujua mkwaruzo huo. Niliishi nao mwaka mzima kabla ya kioo cha daktari.

Nilimfuata nje. Nikampa karatasi: *Inauma hapa?* Nikamwonyesha shingo.

Aliisoma akaichana. "Wewe una wivu, Fancy. Ulidhani bila wewe hakuna kwaya."

Ni kweli nilikuwa na wivu. Tangu Pasaka nimeomba akosee. Leo amekosea na sikufurahi hata kidogo, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Molly alinikuta mtoni nikifua. Aliketi juu ya jiwe bila kusalimu, akavuta sweta mpaka kidevuni. Alipoongea, sauti ilitoka ya mzee mwanamume.

"Asubuhi haitoki kabisa," akasema. "Mpaka ninywe chai. Wewe pia ilianza hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimwambie nini Baba? Anaamka kabla ya kazi kunifanyisha mazoezi. Anasema ni lazima nikaze, koo ni kama mkono wa kuchuma chai, mwanzoni inauma halafu inakomaa." Akaanza kulia, na hata kilio chake kilikwaruza. "Anafurahi sana, Fancy. Sijawahi kumwona amefurahi hivi na mimi."

Nilimwandikia aende kwa daktari. Nilimwandikia asinong'one. Nilimwandikia kurasa nyingi na maji yakafuta baadhi. Akasema hawezi, labda baada ya Pisga kuja. Baada ya Pisga! Hivyo hivyo ndivyo nilivyosema mimi tangu Krismasi.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu Lazarus, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Nilikuwa nimeandika kila kitu vizuri, kwa heshima. Kwamba Molly anaumwa kama nilivyoumwa. Kwamba tusipande juu hivyo. Kwamba mvua ikinyesha tungeweza kungoja ipite.

Alisoma akiwa amesimama. Kalamu bado iko nyuma ya sikio.

"Kwa hiyo mmeketi mkapanga. Wewe na binti yangu."

Nikatikisa kichwa.

"Nimefundisha kwaya hii tangu wewe hujaota meno. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna piano, hakuna kipaza sauti, hakuna chuo kilichonichukua. Na bado tumewashinda wenye piano. Leo unaniletea karatasi kuniambia ninaua watoto?"

Sikuwa nimeandika *unaua*. Neno hilo alilileta yeye.

"Nenda nyumbani, nyathina. Ukipona, utakuja na sauti, si na karatasi."

Nilipiga meza kwa kiganja. Vikombe viliruka. Nilipiga tena kwa sababu ni sauti pekee niliyoruhusiwa. Kisha nikatoka kwenye mvua, nikatembea mpaka nyumbani, kiganja kinawaka.

Alhamisi, 22 Mei

Mama ndiye aliyesema twende Pisga. "Hata ng'ombe tunamwangalia kwanza kabla ya kumleta nyumbani. Wewe tunakupeleka mahali ambapo hatujaona." Baba alimwambia kwamba mimi na yeye tunakwenda Nakuru kumwona shangazi. Sijawahi kumsikia Mama akidanganya. Hudanganya vizuri.

Lazima niandike ukweli: Pisga ni pazuri. Kanisa la mawe, maua, nyasi zilizokatwa. Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi na tukaruhusiwa kuketi nyuma. Walipoanza nilishika benchi. Sauti nne, zote kama mwili mmoja, na soprano juu kabisa kama mwanga wa dirishani. Nilitaka kuwa pale kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mama alinipa leso.

Walipopumzika, kijana wa tenor anayeitwa Phelix akatuletea chai. Yuko mwaka wa tatu. Nikamwandikia: *Nani huwafundisha sauti?*

Akacheka. "Kufundisha? Hapa tunaimba, dada. Unapewa kaseti ya walioimba kabla yako, unaimba kama wao."

*Na noti?*

"Noti tutasoma mwaka wa nne, wanasema. Tukirudi kutoka safari. Tuna safari nyingi."

Nikatazama soprano. Wawili walikuwa wamejifunga skafu shingoni, mchana, jua linawaka. Mmoja anakohoa kile kikohozi kikavu. Nikamwandikia Phelix: *Waliokuwa kwenye kaseti wako wapi?*

Akafikiri, kama hajawahi kuulizwa. "Wengine wamemaliza. Wengine sauti iliisha." Akaonyesha jengo la nyuma. "Sauti ikiisha wanakuhamishia kozi ya kupiga taipu. Hawakufukuzi. Ni watu wa Mungu."

Alisema hivyo kwa wema kabisa. Mama aliweka kikombe chake chini bila kumaliza.

Nimelia kutoka Molo mpaka nyumbani, bila sauti, kama nilivyoagizwa. Nimekasirika kwa sababu ni pazuri. Kama pangekuwa pabaya ingekuwa rahisi.

Jumatatu, 26 Mei

Mama amemwambia Baba tulichoona. Baba amesema kupiga taipu ni kazi nzuri.

Jumanne, 3 Juni

Daktari ameingiza kioo tena. Vinundu vimepungua, havijaisha. Naruhusiwa kuongea polepole, kidogo. Kuimba bado. Kupaza sauti, kamwe.

"Sema jina lako," akasema.

Nikasema jina langu. Mama akageuka kunitazama. Sauti ilitoka nzito, ya chini, kama ya dada mkubwa ambaye sina. Daktari alifurahi. Mimi nilitaka kuuliza ile yangu iko wapi, lakini niliogopa jibu.

Jumapili, 8 Juni

Naandika kabla sijalala.

Mchungaji Bethwel wa Pisga alikuja na gari jeupe, mtu mnene mchangamfu mwenye suti ya kijivu. Baba alikuwa amevaa tai. Kumbe alishamwambia kila mtu kwamba nimepona.

Mvua ikaanza wakati wa matangazo. Kwaya ilipopanda ilikuwa inapiga kweli kweli. Mwalimu Lazarus hakungoja. Akainua mikono, Molly akasogea mbele, wakaanza wimbo wa Ruthu juu kuliko walivyowahi kuuanza.

Ubeti wa kwanza alipita. Wa pili, niliona mishipa ya shingo yake imesimama kama kamba. Kwenye noti ya mwisho mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Hakuna kabisa. Mdomo wazi na mvua.

Kwaya ikayumba, ikanyamaza. Mwalimu aligeuka akamtazama mgeni, akatabasamu, akamwambia Molly kwa ishara: tena, kutoka mwanzo. Akainua mikono.

Molly akaanza tena. Kilichotoka ni hewa inayokwaruza. Machozi yanashuka na bado anasukuma, na baba yake anapandisha mikono, *toa, toa*.

Nikasimama. "Mwalimu, acha," nikasema, na hata Mama kando yangu hakusikia. Ile mvua! Miezi yote nimengoja kuongea, na nimepewa sauti isiyovuka benchi moja. Ningeweza kupiga ukelele. Nilijua hasa mahali pa kuuchukua. Nilijua pia ningeulipia na nini.

Sikupiga. Nilitoka kwenye benchi, nikapita katikati ya kanisa, nikapanda mbele, nikaushika mkono wa Mwalimu Lazarus uliokuwa hewani, nikaushusha.

Hakuna mtu aliyewahi kumshika mkono akiongoza. Alinitazama kana kwamba hanijui. Nilikuwa karibu naye sasa, na karibu naye sauti yangu ilitosha.

"Mtazame mtoto wako, Mwalimu. Usimsikilize. Mtazame."

Akamtazama. Sijui aliona nini. Mkono wake, ambao nilikuwa bado nimeushika, ulilegea.

Mchungaji Bethwel akaja na tabasamu lake. "Na huyu si ndiye wa kaseti? Dada, tumesafiri mbali. Tuimbie hata ubeti mmoja."

"Sauti zenu zikiisha," nikamwambia, "kwa nini zinapelekwa kwenye taipu?"

"Sijakuelewa."

"Mwulize yeyote aliyejifunga skafu."

"Fancy! Keti chini!" Huyo alikuwa Baba, na yeye alisikika na kila mtu, mvua au si mvua. "Unaniaibisha!"

"Mimi nimeaibishwa tangu Pasaka, Baba," nikasema. Hakusikia. Nilirudia taratibu, akiwa ameshanifikia, na safari hii alisikia.

Mama alikuwa amepita upande mwingine. Alimfunika Molly kwa leso yake ya mabegani, akamtoa nje kwa mlango wa wazee, ambao wanawake hawapiti.

Jumatano, 11 Juni

Kamati ya kanisa imeketi. Nimesimamishwa kwaya kwa utovu wa heshima. Wamenisimamisha kitu ambacho siwezi kukifanya. Ningecheka, kama kucheka kungeruhusiwa.

Pisga hawakuchukua mtu.

Jumatatu, 16 Juni

Baba anaongea na mimi kupitia kwa Mama. "Mwambie afungue ndama." Nimesimama hapo hapo.

Jumapili, 22 Juni

Mwalimu Lazarus alikuja mpaka kwenye ua, hakuingia. Nilikuwa nikikata nyasi za ng'ombe. Amekonda.

"Nimempeleka Molly," akasema. "Daktari ameniruhusu nitazame kwenye kioo. Nimeona." Akashika fito ya ua. "Fancy, sikujua."

Nilijua nilichopaswa kusema. Tumefundishwa kusema si neno, Mwalimu, Mungu ni mwema. Alinifundisha kuimba nikiwa siwezi kufika kwenye dirisha la kanisa. Alinitungia wimbo. Alikuwa ananiletea mandazi. Na alinivunja, kisha akamvunja wake, na nilimpelekea karatasi.

"Nilikuandikia," nikasema.

"Uliandika."

"Sitasema ni sawa, Mwalimu. Kwa sababu si sawa."

Akainamisha kichwa. Nilidhani ataondoka. Akauliza, bila kunitazama, "Huyo mwanamke wa Efrata. Hufundisha watu wazima? Wanaofundisha wengine?"

"Mwulize mwenyewe."

Nilisema kwa ukali, na sijutii. Lakini alipokuwa ameshuka karibu na barabara nilimwita. Sauti haikufika, kwa hiyo nilimkimbilia, nikamweleza pa kushukia na mlango wa kugonga.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekwenda Efrata, mimi na Mama. Baba alitusindikiza mpaka barabarani bila kueleza kwa nini. Alibeba mfuko wangu. Gari lilipokuja alimwambia Mama, "Mwambie aende salama." Halafu akaniambia mwenyewe, "Nenda."

Mwalimu Nyanchoka hakusema alinionya. Alinisikiliza nikiongea, akaniuliza kuhusu usingizi, kuhusu chai, kuhusu mvua na bati. Akaniambia waziwazi kwamba soprano huenda isirudi. Labda mimi ni alto sasa, labda siku zote nilikuwa alto aliyepandishwa ngazi kwa fimbo. Hana kwaya ya kaseti. Hana safari. Mwaka wa kwanza sitaimba mbele ya mtu yeyote.

"Najua Pisga walikutaka," akasema. "Fikiria. Sitakulaumu."

"Nimeshafikiria. Nimechagua hapa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri kuhusu wito na huduma. Mama aliniangalia. Kilichotoka ni kingine. Nilimwambia kuhusu Pasaka na mikono kooni, kuhusu kituo cha majani, kuhusu kofia ya Baba, kuhusu Molly na mdomo wake wazi, kuhusu wale wa skafu ambao watapiga taipu wakimshukuru Mungu. Nikamwambia hata yeye nilimchukia. Niliongea mpaka sauti ikaanza kubana, kama zamani.

Aliinua mkono, kama siku ile.

"Una hasira," akasema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Utaihitaji. Ila usiiweke hapo." Akanigusa shingo kwa kidole kimoja, kidogo tu. Kisha akazunguka nyuma yangu, akaweka viganja vyake viwili kwenye mbavu zangu, chini kabisa, akabana. "Iweke hapa. Hapa pana nafasi. Vuta pumzi."

Nikavuta. Mbavu zikafunguka, zikaisukuma mikono yake nje.

"Zaidi," akasema.